Mikono ya Padre Damien wa Molokai

Katika nyumba nyingi za Wakristo huulizwa swali ambalo wakubwa hulijibu upesi mno, na watoto hawaridhiki. Maadamu Mwenyezi Mungu aweza yote, kwa nini awangoje watu wamfanyie kazi yake? Mgonjwa akilala bila mtu wa kumfunga kidonda, je, Mungu hamwoni? Na kama amwona, kwa nini asimponye mwenyewe, pasipo kumsubiri jirani ambaye labda hatakuja? Wako wanaojibu kwamba Mungu hana mikono ila yetu. Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini ukiyachunguza yana hatari, kwa kuwa yamfanya Muumba wa mbingu na nchi kuwa kama mzee asiyeweza kusimama, akiwatazamia wajukuu wamletee maji. Wako na wengine wasemao kinyume chake, kwamba jambo alitakalo Mungu litakuwa tu, basi na tukae. Hao wa pili ni wengi kuliko wanavyokiri, maana neno hilo lampa mtu ruhusa ya kulala mapema.

Katekismu inalo jibu lake: Mungu hana haja ya kitu chochote, wala ya mtu yeyote, lakini kwa wema wake amependa kuwashirikisha viumbe katika kazi yake. Jibu hilo ni kweli tupu. Hata hivyo ni fupi, na mtu aliye katika msiba hulisikia kama jibu la shuleni. Kwa hiyo twapenda kulifuata swali hili katika maisha ya mtu mmoja ambaye dunia nzima ilipata kuisikia habari ya mikono yake, yaani Padre Damien De Veuster, mtume wa wakoma katika kisiwa cha Molokai.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, nchi ya Ubelgiji, mtoto wa saba wa mkulima aliyekuwa pia mfanya biashara ya nafaka. Alibatizwa kwa jina la Jozef, jina la yule seremala wa Nazareti, na kwa kweli lilimfaa, kwani tangu utoto alikuwa na nguvu za mwili na akili ya kazi za mikono. Baba yake alimkusudia kuishika biashara ya nyumbani. Msomi wa jamaa alikuwa kaka yake, Auguste, ambaye aliingia katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria mjini Louvain, akaitwa Pamphile. Jozef alimfuata huko mwanzoni mwa mwaka 1859, naye akapewa jina la Damien, ndilo jina la yule mganga mtakatifu ambaye pamoja na nduguye Kosma aliwatibu wagonjwa bila kupokea fedha. Wakuu wa nyumba walipoona hajui Kilatini, hawakumweka katika njia ya upadre. Alijifunza Kilatini kwa kaka yake, katika saa za nafasi, mpaka wakuu wale wakabadili shauri.

Mwaka 1863 Pamphile alipangiwa kwenda Hawaii, visiwa vya mbali katika Bahari ya Pasifiki, ambavyo wakati huo vilikuwa ufalme wenye mfalme wake. Safari ilipokaribia, alishikwa na homa kali aliyoipata katika kuwahudumia wagonjwa, asiweze kuondoka. Ndipo Damien, ambaye hakuwa padre bado, alipochukua kalamu akamwandikia yeye mwenyewe Mkuu wa Shirika huko Paris, akiomba nafasi ya kaka yake. Hakupitia kwa mkubwa wa nyumba, jambo ambalo katika utawa si dogo. Tabia hiyo ya kutangulia mbele bila kungoja ilimfuata maisha yake yote. Ilimletea sifa, ikamletea na maudhi mengi. Ruhusa ilikuja. Alitua Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na tarehe 21 Mei ya mwaka ule ule akapewa upadre katika kanisa kuu la mji huo.

Hapa msomaji aweza kuona kitu. Mikono iliyochaguliwa na wakubwa ilikuwa ya Pamphile, naye alikuwa mwenye elimu na tayari padre. Mikono hiyo ikalazwa kitandani. Kazi haikufa, ila ilikwenda kwa mtu ambaye hakuna aliyemfikiria.

Kwa miaka tisa Padre Damien alifanya kazi katika kisiwa kikubwa kiitwacho Hawaii, kwanza Puna, kisha Kohala. Alitembea kwa farasi na kwa miguu, akapanda milima ya mawe ya moto wa zamani, akajenga makanisa madogo kwa mikono yake pamoja na waamini. Ilikuwa kazi njema kama ile ya wamisionari wengine wengi, na kama angaliimaliza hivyo, pengine leo jina lake lingalijulikana na Shirika lake tu.

Lakini katika visiwa vile ulikuwa umeingia ugonjwa wa ukoma. Tarehe 3 Januari 1865, siku ile Padre Damien alipotimiza miaka 25, mfalme Kamehameha V alitia sahihi sheria ya kuwatenga wagonjwa. Serikali ilichagua rasi moja upande wa kaskazini wa Molokai, mahali ambapo bahari imeizunguka nchi kwa pande tatu, na upande wa nne pana magenge ya kutisha, urefu wake upatao mita 500 na zaidi. Gereza hilo halikuhitaji ukuta. Mwezi Januari 1866 wagonjwa kumi na wawili wa kwanza walishushwa Kalawao, na tangu siku hiyo hata sheria ilipofutwa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walipelekwa huko, walio wengi wenyeji wa Hawaii. Mke alitolewa katika mikono ya mumewe, mtoto katika mikono ya mamaye. Ndiyo sababu wenyeji wakauita ukoma ugonjwa unaotenganisha jamaa. Sisi tuliokulia katika nchi ambazo ukoma ulijulikana vema, ambamo mgonjwa alijengewa kibanda chake mbali na kijiji, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya jina hilo.

Yatupasa tuseme haki kabla ya kuendelea. Vitabu vya zamani vilizoea kuandika kana kwamba Kalawao ilikuwa jehanamu tupu, pasipo sala wala utu, mpaka padre mmoja kutoka Ulaya alipotua. Sivyo ilivyokuwa. Wagonjwa wa madhehebu ya Kiprotestanti walianzisha kanisa lao wenyewe mwaka ule ule wa 1866. Bruda mmoja wa Shirika la Damien, Victorin Bertrand, alikwisha kuwajengea Wakatoliki kikanisa cha Mtakatifu Filomena mwaka 1872. Tena walikuwako watu wazima wa afya, ambao kwa lugha ya huko huitwa kokua, yaani wasaidizi: waume waliowafuata wake zao, wazazi waliowafuata watoto wao, wakijua kwamba hawatarudi. Mmoja wao, Jonathan Napela, mtu mwenye cheo na wa dini ya Wamormoni, alimfuata mkewe mgonjwa mwaka 1873, akawa rafiki wa Padre Damien, na mwishowe naye akaugua, akafa huko. Mungu hakuwa ameiacha rasi ile. Alikwisha kuwa na mikono huko, nayo mingine ilikuwa ya wagonjwa wenyewe, isiyo na vidole.

Hata hivyo dhiki ilikuwa kubwa mno. Nyumba zilikuwa vibanda vya matawi, maji yalikuwa mbali, chakula cha Serikali kilichelewa, na wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge. Waliokufa walizikwa kijuujuu, bila jeneza. Wakatoliki waliomba padre wa kukaa nao, wakaomba tena. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kutabaruku kanisa la Wailuku katika kisiwa cha Maui, Askofu Maigret aliwaeleza mapadre wake jambo hilo, akasema pia kwamba hawezi kumwamuru mtu kwenda, maana ni kama kumwamuru kufa. Mapadre wanne walijitoa, wakashauriana kwenda kwa zamu. Padre Damien alikuwa wa kwanza. Tarehe 10 Mei 1873 alishuka Molokai pamoja na Askofu wake, katika meli iliyochukua wagonjwa wapya na ng'ombe wa kuchinjwa. Hakurudi Kohala kuaga wala kuchukua vitu. Umri wake ulikuwa miaka 33.

Siku za kwanza alilala chini ya mti mmoja kando ya kanisa, mti wa jamii ya mkadi wa pwani yetu, maana hapakuwa na nyumba ya padre. Mara akamwandikia mkuu wake kwamba zamu hazifai, na kwamba yeye yu tayari kubaki. Baraza la Afya nalo likamtangazia kwamba akiwa amechagua kukaa na wakoma, basi hana ruhusa ya kutoka. Amri hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini kwa muda Padre Damien alikuwa mfungwa pamoja na waliofungwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wakubwa wake walimwonya asiwaguse wagonjwa, na shauri hilo halikuwa la kipumbavu. Mwanzoni yeye mwenyewe alilitaka. Harufu ya vidonda ndani ya kanisa dogo ilimshinda, hata zaidi ya mara moja alilazimika kutoka nje wakati wa ibada ili avute hewa safi. Akaanza kuvuta kiko, ili moshi wa tumbako uifunike harufu katika nguo zake. Alikuwa mtu wa mwili na damu kama sisi. Lakini siku chache hazikupita kabla hajafahamu kwamba kati ya watu wale, anayekataa kumgusa mwenzake amekwisha kumhubiria, na mahubiri yake ni kwamba wewe u maiti. Basi akagusa. Aliwafunga vidonda. Aliwapaka Mafuta Matakatifu penye miguu isiyo na nyayo na mikono isiyo na viganja. Alichovya vidole katika chungu kimoja nao akila poi, ule uji mzito wa magimbi ambao ndio chakula chao, na kiko chake kikapita mkono kwa mkono. Katika barua aliyomwandikia kaka yake mwaka ule ule wa kwanza, alijihesabu miongoni mwa wakoma, ingawa mwili wake ulikuwa mzima bado, na ilimchukua miaka kumi na mmoja neno hilo kuwa kweli katika nyama yake.

Twawasihi wasomaji wetu wafungue Injili hapo. Wamo humo wakoma kumi waliosimama mbali wakapaza sauti, na Bwana Yesu hakuwakaribia. Aliwatuma waende kwa makuhani, nao wakatakasika njiani. Yumo vile vile mtumishi wa yule akida wa Kirumi, ambaye Bwana hakumwona hata kwa macho, naye akapona saa ile ile. Ni dhahiri basi kwamba Bwana wetu hakuwa na haja hata ya mikono yake mwenyewe. Lakini yumo mkoma mwingine, aliyemjia peke yake akapiga magoti. Kwa huyo Bwana alinyosha mkono akamgusa, kisha akamtakasa. Kumgusa hakukulazimika kwa kumponya. Twaamini kulikuwa kwa ajili ya kitu kingine ambacho mtu yule alikuwa amekikosa kwa miaka mingi, na ambacho afya peke yake isingempa.

Padre Damien hakuwa na uwezo wa kuponya. Hatuna habari ya mkoma hata mmoja aliyepona chini ya mikono yake kwa miaka yote kumi na sita ya Molokai, na jambo hilo lafaa kukumbukwa na wale wanaopenda kusimulia maisha ya watakatifu kama hadithi za maajabu. Alichokuwa nacho ni msumeno, nyundo, randa na sepetu. Aliwatengenezea wafu majeneza kwa mamia, akawachimbia makaburi. Mwaka 1874 dhoruba ilipobomoa vibanda, aliiandikia Serikali hata ikaleta mbao, akajenga nyumba pamoja na wagonjwa waliokuwa na nguvu ya kushika chombo. Aliomba mabomba, maji yakaletwa kutoka bonde la jirani hadi kijijini. Alilipanua kanisa la Mtakatifu Filomena, akajenga nyumba za mayatima, wavulana mahali pao na wasichana mahali pao. Alianzisha kwaya na bendi ya muziki, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu ilipofika, maandamano yalipita kati ya makaburi na mashamba ya viazi kwa nyimbo na bendera, kama katika parokia yoyote yenye afya. Sisi twaona kwamba hakuna tendo lake lililokuwa na maana kupita hilo la kuwapa wafu jeneza na wazima wimbo. Asiye na jeneza ametupwa. Mwenye jeneza amezikwa na jamaa zake.

Lakini yule aliyewapa wengine mkono, yeye mwenyewe aliukosa mmoja. Padre aweza kuwaondolea dhambi watu elfu, asiweze kujiondolea zake. Damien alikuwa peke yake kwa miezi mingi pasipo padre wa kumwungamia, na upweke huo ndio alioulalamikia kuliko harufu na kuliko hofu ya ugonjwa. Mara moja mkuu wake alifika kwa meli karibu na pwani, lakini nahodha, kwa kufuata amri, hakukubali ashuke, wala Damien asipande. Ndipo padre yule akasimama ndani ya mashua ubavuni mwa meli, akaziungama dhambi zake kwa sauti, kwa Kifaransa, mbele ya masikio ya watu, na mkuu wake akamwinulia mkono kutoka juu na kumwondolea. Je, Mungu hakuweza kumsamehe mtumishi wake huyo kwa siri, usiku, chini ya ule mkadi? Aliweza, na yamkini mara nyingi alifanya hivyo kwa majuto yake makamilifu. Lakini Damien alikuwa na njaa ya mkono wa kuhani, na kwa ajili ya mkono huo hakuiogopa aibu. Tulio na padre kila Jumamosi mwendo wa nusu saa tutafakari hapo.

Mwezi Desemba 1884, akiwa amerudi safarini, alitia miguu yake katika maji ya moto. Ngozi ikababuka, wala hakusikia maumivu. Akajua. Mwaka uliofuata daktari alithibitisha kwamba ni ukoma. Tangu hapo uso wake ukavimba, masikio yakakua, sauti ikakwaruza, na mikono ikafunikwa na vidonda. Aliendelea kufanya kazi kwa mikono hiyo hiyo, tena kwa haraka zaidi kuliko kwanza, kama fundi anayeona jua linazama na paa halijaezekwa.

Habari za ugonjwa wake zilienea Ulaya na Marekani, na fedha zikaanza kumiminika. Kasisi mmoja wa Kianglikana wa London peke yake alichangisha karibu paundi elfu moja. Ungedhani wakubwa wake walifurahi. Baadhi yao walichukizwa. Walimwona mtu wa kujitangaza, mkaidi, mwenye ulimi mkali, asiyekubali shauri. Hatutaki kuficha kwamba katika hayo palikuwamo ukweli kidogo: Padre Damien alikuwa mgumu wa kuishi naye, na mapadre wasaidizi waliopelekwa kwake katika miaka ile hawakukaa kwa amani. Watakatifu hawazaliwi wamepigwa randa. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mtu aliyekuwa akioza akiwa hai alipokea kutoka kwa baadhi ya ndugu zake barua za kumkaripia, ambapo yeye alikuwa akiomba padre wa kumwungamia.

Kisha, katika miaka yake ya mwisho, mikono mingine ikaja kutoka mahali pasipotazamiwa. Julai 1886 alifika Joseph Dutton, Mmarekani aliyekuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwongofu aliyekuwa akitafuta mahali pa kufanyia kitubio kwa maisha yaliyopotea. Alikaa Molokai miaka 44. Mwaka 1888 alifika Padre Conrardy, Mbelgiji, na mnamo Novemba mwaka ule ule Mama Marianne Cope na masista wawili wa Mtakatifu Fransisko kutoka Syracuse, Marekani. Padre Wendelin Moellers, wa Shirika lake Damien mwenyewe, naye akaja kuishi karibu.

Mwishoni mwa mwezi Machi 1889 Padre Damien alilala, asiamke tena. Aliitazama mikono yake. Vidonda vilikuwa vinafunga na magaga yake yanageuka meusi, naye, aliyewaona mamia wakifa, akawaambia waliokuwapo kwamba hiyo ndiyo dalili. Aliungama, akarudia nadhiri zake, akapakwa Mafuta. Alimshukuru Mungu kwa kumwekea mapadre wawili kando ya kitanda chake, na kwa kuwaleta masista kwa wagonjwa, akasema kwamba kazi imekwisha kupata watu, kwamba yeye hahitajiwi tena, na kwa hiyo aweza kwenda. Alikufa Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 15 Aprili 1889, mwenye umri wa miaka 49. Walimzika chini ya mkadi ule aliolala siku za kwanza.

Twaomba msomaji alipime neno lile la kutohitajiwa tena. Mtu aliyekuwa seremala, mzika wafu, mwuguzi, mwalimu na padre wa kijiji kizima, ambaye pasipo yeye watu walidhani kila kitu kitaanguka, alikufa akiona wazi kwamba Mungu aliweza kuendelea bila yeye. Wala hakuhuzunika. Sisi wengi wetu, tukiwa wenyekiti wa halmashauri ya parokia kwa miaka mitatu tu, hatuwezi kusema neno hilo bila uchungu.

Katika mwaka ule ule Mchungaji mmoja wa Kiprotestanti huko Honolulu, Charles McEwen Hyde, aliandika barua kwamba Damien alikuwa mtu mchafu, mkaidi, na asiye safi katika mwenendo. Barua ikachapwa magazetini. Aliyemjibu mwaka 1890 hakuwa Mkatoliki; alikuwa Robert Louis Stevenson, mwandishi mashuhuri wa Uskoti, mwenyewe mtoto wa Wapresbiteri, aliyekuwa amekwenda Molokai baada ya Damien kufa na kuuliza habari zake papo hapo. Aliyasikia hata makosa yake, akayaandika bila kuyafunika, kisha akamwonyesha mchungaji yule kwamba kulikuwa na kazi iliyongoja mikono, na kwamba mmoja alikwenda kuifanya, na mwingine alibaki katika nyumba yake nzuri.

Yupo atakayeuliza kama Damien hakumjaribu Mungu kwa kutojilinda. Swali hilo ni la haki. Katika mwaka 1873, mwaka ule ule alioshuka Kalawao, daktari Gerhard Armauer Hansen huko Norwe aliviona vijidudu vinavyoleta ukoma, lakini miaka mingi ilipita kabla ya dawa kupatikana. Leo twajua kwamba watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, na kwamba dawa zilizoanza kuunganishwa pamoja kwa shauri la Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 humponya mgonjwa kabisa. Mama Marianne hakuwa na dawa hizo. Lakini alikuwa na maji na sabuni, akawaagiza masista wake kunawa mikono bila kukosa, akawaahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayeugua. Wala hakuugua mmoja. Yeye alikufa mwaka 1918, akatangazwa Mtakatifu mwaka 2012. Waliwagusa wakoma kama Damien alivyowagusa. Kumbe mikono ile aliyoitaka Mungu yaweza pia kunawa, na busara hiyo haimnyimi mgonjwa kitu. Wauguzi wa Buluba na Nyenga, nchini Uganda, ambako Wafransisko wa Mama Kevin walifungua makao ya wenye ukoma katika miaka ya 1930, walifuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 1936, kwa maombi ya mfalme na serikali ya Ubelgiji, mwili wa Padre Damien ulifukuliwa na kurudishwa kwao, ukalazwa Louvain. Wagonjwa wa Molokai waliachwa wakilia, maana walikuwa wamechukuliwa yule mmoja ambaye hakutaka kuondoka kwao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 4 Juni 1995 mjini Brussels, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Kwa kila tangazo Kanisa lilipokea uponyaji mmoja uliopatikana kwa maombezi yake: kwanza wa sista mmoja nchini Ufaransa mwaka 1895, kisha wa mama mmoja wa Hawaii aliyekuwa na kansa. Mtu asiyemponya hata mgonjwa mmoja alipokuwa na mikono, ameombewa na watu wakapona baada ya mikono kugeuka mavumbi. Kama Mungu angekuwa na haja ya mikono ili kuponya, mambo yangalikwenda kinyume cha hayo.

Mwaka ule wa 1995 watu wa Hawaii waliomba warudishiwe sehemu ya mwili wake. Wangaliweza kuomba moyo, au fuvu la kichwa, kama ilivyo desturi katika makanisa makubwa ya Ulaya. Walipewa mkono wa kuume. Uliletwa, ukazungushwa katika visiwa, na wazee wachache wa Kalaupapa waliobaki wenye alama za ugonjwa ule wakausindikiza hadi Kalawao, wakauzika katika kaburi lake la kwanza, kando ya kanisa la Mtakatifu Filomena.